Jina Lililofutwa, Nguo Inayosema: Usomaji wa Mwanamke Aliyejipamba katika Chapa ya Utamaro na katika Kanga ya Pwani

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha sanaa mbili zilizochapwa kwa wingi na kuuzwa kwa watu wa kawaida wa mijini: chapa ya ubao ya Kijapani inayoonyesha mwanamke aliyejipamba, na kanga ya pwani ya Afrika Mashariki. Mfano mkuu wa upande wa Japani ni chapa ya Kitagawa Utamaro ya mnamo 1793 inayoonyesha warembo watatu wa mji wa Edo. Hoja kuu ni kwamba katika sanaa zote mbili, pale sheria au adabu inapozuia jina au neno kutamkwa waziwazi, nguo huchukua kazi ya kusema. Kwa hiyo uhakiki unaotenga picha, maandishi na nguo humpoteza mwanamke mwenyewe. Makala yanaonyesha kwamba mapokeo ya uhakiki yamekosea kwa njia mbili zinazopingana: chapa ya Kijapani imetazamwa bila kusomwa, ilhali kanga imesomwa bila kutazamwa. Mwishoni yanapendekezwa maswali matatu ya kufundishia kanga katika madarasa ya Kiswahili nchini Rwanda.

Maneno msingi: kanga, chapa ya ubao, Utamaro, fumbo, vazi, uhakiki wa sanaa

1.0 Utangulizi

Jumamosi za Kigali ni siku za harusi. Mbele ya kumbi na makanisa huonekana wanawake waliovaa umushanana: sketi pana iliyofungwa kiunoni, na kitambaa chepesi kilichopitishwa juu ya bega moja. Hakuna herufi hata moja juu ya vazi hilo. Hata hivyo, mtazamaji aliyelelewa hapa huelewa mengi kabla hajasalimiwa: kwamba kuna shughuli ya heshima, na kwamba wanaofanana rangi wamekuja kusimama pamoja. Katika mji huohuo, kwenye mitaa ya Biryogo na Nyamirambo ambako Kiswahili kimesikika tangu enzi za ukoloni, huonekana nguo ya aina nyingine, yaani kanga, ambayo imebeba maneno yaliyochapwa. Swali lililozaa makala haya liko kati ya nguo hizo mbili. Nguo husemaje? Na inaposema, husema kwa niaba ya nani?

Ili kujibu swali hilo, tunakwenda mbali kwa makusudi, hadi Edo, mji unaoitwa Tokyo leo, mwishoni mwa karne ya 18. Sababu ni moja. Katika chapa za ubao za wakati ule tunapata mwanamke aliyechorwa, vazi lililochorwa kwa uangalifu mkubwa, na maandishi yaliyowekwa kando yake. Kisha tunapata serikali inayoingilia kati na kukataza maandishi hayo. Ni nadra kwa historia ya sanaa kutuachia ushahidi ulio wazi kiasi hicho wa kile kinachotokea jina la mwanamke linapoondolewa kwenye picha yake. Ushahidi huo unatusaidia kuitazama kanga upya, kwani tumeizoea mno kiasi cha kutoiona.

Makala hayadai kwamba kanga imetokana na chapa ya Kijapani, wala kwamba Utamaro aliijua pwani yetu. Uhusiano wa kibiashara kati ya Japani na kanga upo, nao utaelezwa katika sehemu ya nne, lakini ni wa karne ya 20. Ulinganishi unaofanywa hapa ni wa kazi ya vazi katika matini, si wa asili yake.

2.0 Kiunzi cha Nadharia

Makala yanaongozwa na mkabala wa kisemiotiki, hasa insha ya Roland Barthes ya mwaka 1964 kuhusu balagha ya picha. Barthes alieleza kwamba kila picha ina maana nyingi zinazoelea, na kwamba maandishi yanayoandamana nayo hufanya moja kati ya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kutia nanga: maandishi huchagua maana moja na kuizuia isipeperuke. Kazi ya pili ni kupokezana: maandishi na picha huchangiana habari, kila kimoja kikiongeza ambacho kingine hakina, kama ilivyo katika katuni na sinema.

Kiunzi hiki kinafaa, lakini kina mapungufu mawili kwa data yetu. Kwanza, kinachukulia kwamba aliyetengeneza picha ana uhuru wa kuishusha nanga. Hakiulizi nini hutokea mamlaka inapoikata kamba. Pili, kinachukulia kwamba picha imetulia mahali, ukutani au kwenye ukurasa wa gazeti, na msomaji ndiye anayeijia. Kanga haiko hivyo. Ukurasa wake ni mwili wa mtu anayetembea, anayechagua apite mlango wa nani, na saa ngapi. Kwa hiyo tutaitumia istilahi ya nanga, lakini tutaiongezea swali ambalo Barthes hakuliuliza: ni nani aliyeishika kamba?

3.0 Mwanamke wa Chapa ya Ubao

3.1 Utengenezaji

Chapa ya ubao ilikuwa kazi ya mikono mingi. Mchapishaji alitoa mtaji na kuchagua mada. Mchoraji alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji aliibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akachonga hadi mistari ikabaki imeinuka. Mpigachapa alipaka rangi juu ya ubao, akalaza karatasi, kisha akaisugua kwa kisugulio cha mkono. Kila rangi ilihitaji ubao wake, na alama ndogo zilizochongwa pembeni mwa kila ubao zilihakikisha kwamba karatasi imekaa palepale kila mara, ili rangi isitoke nje ya mstari. Aina hii ya chapa za rangi nyingi ilianza mwaka 1765, hasa katika kazi za Suzuki Harunobu, nayo ikaitwa nishiki-e. Nishiki ni kitambaa cha thamani kilichofumwa kwa nyuzi za rangi nyingi. Kwa Kiswahili tungeweza kusema picha za zari. Tangu kubatizwa kwake, basi, sanaa hii ilijipima kwa nguo.

Uhusiano huo na nguo haukuishia kwenye jina. Katika miaka ya 1770 Isoda Koryusai alichora mfululizo mrefu wa chapa zinazoonyesha wanawake wa Yoshiwara, mtaa wa starehe wa Edo, wakiwa wamevaa mitindo mipya ya mavazi. Baadaye Utamaro mwenyewe alichora warembo waliovaa vitambaa vya maduka mahususi ya mji huo. Mnunuzi wa chapa alinunua uso na vazi kwa pamoja, na mara nyingine vazi ndilo lililokuwa bidhaa iliyokusudiwa kuuzwa.

3.2 Warembo watatu

Chapa tunayoichunguza ilichapishwa na Tsutaya Juzaburo mnamo 1793. Karatasi yake ina urefu wa takriban sentimita 38 na upana wa takriban sentimita 25. Mandharinyuma hayana nyumba, mti wala mlima. Yamepakwa unga wa ulanga, madini yanayometameta mwanga unapoyagusa. Ndani ya mng'ao huo kuna wanawake watatu, kuanzia kichwani hadi kifuani, waliopangwa kama pembetatu. Juu katikati ni Tomimoto Toyohina, geisha na mwanamuziki. Kulia ni Kita, mhudumu wa mkahawa wa chai wa Naniwaya huko Asakusa. Kushoto ni Hisa, wa nyumba ya Takashima.

Kwa mtazamo wa haraka, nyuso zao ni moja: nyusi nyembamba, midomo midogo, nywele zilizojengwa juu kama paa. Anayetazama kwa utulivu huona tofauti. Pua ya mmoja imenyooka zaidi, kona ya jicho la mwingine imepanda kidogo, shavu la wa tatu limejaa. Ni tofauti za upana wa unywele, na wahakiki wengi wamezisifu kama ushahidi wa jicho kali la Utamaro. Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, mtu wa Edo hakumtambua Kita kwa pua peke yake. Kila mwanamke amewekewa nembo: maua na majani ya paulonia kwa Kita, majani matatu ya mwaloni kwa Hisa, na ua la primula, lililohusishwa na nyumba ya muziki ya Tomimoto, kwa Toyohina. Katika chapa isiyotaja majina yao, nembo ndizo zinazowataja.

3.3 Sheria na fumbo

Mwaka 1790 serikali ya Edo iliagiza kwamba kila chapa ikaguliwe na kupigwa muhuri wa idhini kabla ya kuuzwa. Mwaka 1793 ilikataza kuandika kwenye chapa majina ya wanawake wasiokuwa makahaba wa Yoshiwara. Mhudumu wa mkahawa aliweza kuchorwa, kununuliwa na kubandikwa ukutani, ila asitajwe. Inafaa kuutazama mpaka huu kwa makini. Wanawake wa Yoshiwara, waliokuwa wamefungwa kwa deni ndani ya mtaa uliozungukwa na handaki la maji, waliruhusiwa kuwa na majina kwa sababu majina yao yalikuwa sehemu ya biashara iliyotambuliwa. Mwanamke aliyekuwa huru kutembea mjini alitakiwa kukosa jina. Sheria iliyosemekana kulinda maadili ilimwachia jina yule tu aliyekuwa na mmiliki.

Utamaro na wachapishaji wake walijibu kwa fumbo. Katika mfululizo wa miaka ya katikati ya 1790, pembeni ya kichwa cha mrembo kuliwekwa kisanduku chenye picha ndogondogo. Katika kisanduku cha Kita kuna mafungu mawili ya mboga, mshale, bahari ya mbali na konde la mpunga. Kwa Kijapani mboga ni na, mafungu mawili ni niwa, mshale ni ya, bahari ya mbali na pwani ni oki, na konde la mpunga ni ta. Msomaji akiviunganisha hupata Naniwaya Okita, yaani Kita wa Naniwaya, likiwa na kitangulizi cha heshima. Mkaguzi hakuona herufi iliyovunja sheria, lakini mji mzima ulisoma jina.

Msemaji wa Kiswahili halihitaji somo refu kuhusu jambo hili. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atang'amua. Fumbo la Utamaro linagawa wasomaji katika makundi hayohayo mawili, na linampa yule wa pili furaha ya kushiriki siri. Mwaka 1796 serikali, ambayo haikuwa mjinga, iliyakataza mafumbo hayo pia. Mwaka 1800 ilikataza vichwa vikubwa vya warembo kwa ujumla. Mwaka 1804 Utamaro alifungwa pingu za mikono kwa siku 50 kwa kosa jingine, la kumchora mtawala wa zamani Toyotomi Hideyoshi, naye akafariki mwaka 1806. Tukizipanga tarehe hizi tunaona mfuatano: jina liliondolewa, likahamia kwenye nembo na fumbo, fumbo likaondolewa, likabaki vazi. Kamba moja ya nanga ilipokatwa, picha ilijifunga kwa nyingine.

3.4 Gharama ya vazi

Kabla ya kuvuka bahari, jambo moja lisemwe bila kuzungukwa. Urembo wa mavazi ya Yoshiwara ulikuwa na bei, na bei hiyo ililipwa na mvaaji. Mwanamke wa hadhi alitakiwa kujigharimia sehemu kubwa ya mavazi yake, na kila vazi jipya liliongeza deni lililomfunga mtaani pale. Tunapomsifu mwanamke wa chapa kwa uzuri wa kimono chake bila kukumbuka hilo, tunasifu nakshi ya pingu. Uhakiki hauna ruhusa ya kufumbia macho jambo hilo kwa sababu tu mstari ni mzuri. Wala hauna ruhusa ya kuukana uzuri wa mstari kwa sababu ya jambo hilo. Kazi yake ni kuyashika yote mawili kwa pamoja.

4.0 Mwanamke wa Kanga

4.1 Sehemu za kanga

Kanga ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyochapwa ndani ya kisanduku chini ya mji. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana, kimoja cha kujifunga na kingine cha kujitanda. Tukiilinganisha na chapa ya Utamaro, mpangilio unashangaza kwa ukaribu wake: kuna fremu, kuna taswira, kuna kisanduku cha maneno. Kinachokosekana ni mwanamke. Kanga haimchori. Mahali pake pameachwa wazi, naye hupajaza kwa kuivaa. Na hapa istilahi za fani zenyewe zinatoa ushahidi: kisanduku hicho tumekiita jina, wakati hakina jina la mtu yeyote. Ni jina la nguo ambalo mvaaji huliazima kwa siku moja.

4.2 Kutoka merikani hadi kanga

Kanga ilijitokeza Zanzibar na Mombasa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Masimulizi yanayorudiwa mara nyingi husema kwamba wanawake walinunua leso zilizokuwa hazijakatwa, wakaziunga sita kuwa nguo moja. Viwanda vya Ulaya, vikiwamo vya Uholanzi, vilianza kuchapa nguo hizo kwa soko la pwani kabla ya karne hiyo kwisha. Wakati huo vazi halikuwa suala la upendeleo tu. Watumwa walivaa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, au kaniki iliyotiwa rangi nyeusi au buluu iliyokoza. Laura Fair, katika utafiti wake wa mwaka 2001, ameonyesha kwamba baada ya amri ya 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, wanawake waliokuwa watumwa waliiweka kando nguo hiyo ya utumwa na kuvaa kanga za rangi kama tangazo kwamba sasa ni waungwana wa mji. Ikumbukwe pia kwamba amri ile haikuwahusu masuria, ambao walisubiri hadi 1909.

Hapa ndipo tofauti kubwa kati ya miji hii miwili inapojitokeza. Yoshiwara, vazi zuri lilikaza kifungo. Zanzibar, vazi zuri lilitangaza kwamba kifungo kimefunguka. Mtu akiangalia picha pekee, wanawake wote wawili wamependeza. Tofauti haiko kwenye uzuri. Iko kwenye swali la nani amelichagua vazi, na deni lake ni la nani.

4.3 Maneno yasiyo na msemaji

Maneno kwenye kanga huhusishwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, ambaye kanga zake bado hutambulika kwa alama ya Mali ya Abdulla. Maandishi ya awali yalikuwa kwa hati ya Kiarabu, baadaye kwa hati ya Kilatini. Ni lazima tukubali kwamba aliyeyaweka maneno hayo mara nyingi alikuwa mfanyabiashara mwanamume, kama vile Utamaro na Tsutaya walivyokuwa wanaume. Mwanamke wa pwani si mtunzi wa kila jina analovaa. Uwezo wake uko katika kuchagua: jina lipi, siku gani, mbele ya nani.

Rose Marie Beck, katika makala yake ya mwaka 2000, ameeleza kwamba mawasiliano ya kanga hutegemea utata. Adabu ya pwani haimruhusu mke kumjibu mkwewe hadharani, wala jirani kumtolea jirani lawama ya wazi. Tuchukulie kwamba mwanamke amevaa kanga yenye jina Mdhaniaye ndiye, kumbe siye, akapita barazani. Aliyekusudiwa ataelewa. Akiuliza, atajibiwa kwamba hii ni nguo tu, imenunuliwa sokoni, na wanaoivaa ni wengi. Jibu hilo ni la kweli, na ndiyo sababu halipingiki. Neno limesemwa bila msemaji kupatikana. Ni mbinu ileile ya kisanduku cha Kita, isipokuwa kwamba mkaguzi hapa ni adabu, na aliyeishika kamba ni mvaaji mwenyewe.

Katika usomaji huu taswira haiwezi kuachwa. Tuchukulie kanga yenye matunda katikati ya mji na jina Wema hauozi. Anayesoma maneno tu atapata methali nyepesi ya kusifu wema. Anayetazama na kusoma atapata upinzani: tunda, hata liwe zuri vipi, litaoza, wema hautaoza. Maneno na picha hapa havitiani nanga, vinabishana. Na endapo kanga hiyo amepewa mama na bintiye, au amepewa rafiki baada ya kusaliti, maana inageuka tena. Hakuna orodha ya methali inayoweza kuinasa maana hiyo ya mwisho, kwa kuwa haimo kwenye kitambaa. Imo katika tendo la kutoa na kuvaa.

4.4 Kanga za Japani

Katika karne ya 20, Japani na kanga zilikutana kwa njia ya biashara. Mikataba ya bonde la Kongo iliwazuia Waingereza kuzipendelea bidhaa zao kwa ushuru katika Afrika Mashariki, na katika miaka ya 1930 nguo za pamba za Japani zilitawala soko hilo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilirudi, na kampuni za biashara za Osaka ziliendelea kusafirisha kanga hadi viwanda vya ndani vilipochukua nafasi, kikiwamo cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Kwa hiyo kwa miaka mingi majina ya kanga yalichapwa na mafundi wasiokuwa wasemaji wa Kiswahili. Walioziandaa herufi hizo walizipanga kama pambo, kwa usahihi wa mkono na jicho. Maana ilizisubiri ng'ambo ya bahari. Ukweli huu unathibitisha hoja ya sehemu iliyotangulia: maandishi ya kanga hayakamiliki kiwandani.

5.0 Uhakiki wa Nusu Nusu

Tukiangalia jinsi sanaa hizi mbili zilivyopokelewa, tunakuta makosa mawili yaliyopeana mgongo. Chapa za Kijapani zilipofika Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 19, zilipendwa kwa mstari, rangi na utupu wa mandharinyuma. Wengi wa wapenzi wake hawakuweza kusoma maandishi yaliyo juu yake. Edmond de Goncourt alipochapisha kitabu chake juu ya Utamaro mwaka 1891, alimtambulisha katika anwani kama mchoraji wa nyumba za kijani, yaani nyumba za Yoshiwara. Jina la mchoraji lipo, mahali pa biashara papo. Kita, ambaye hakuwa wa Yoshiwara, hayumo katika anwani ya namna hiyo. Kile ambacho sheria ya 1793 ilikifanya kwa amri, upenzi wa sanaa ulikirudia bila kukusudia.

Pwani yetu nayo ina kisa chake. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wapiga picha wa Zanzibar, wakiwamo A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, waliwapiga picha wanawake waliovaa kanga, na picha za aina hiyo ziliuzwa kama postikadi. Kanga zinaonekana vizuri: mistari, madoa, mapindo mapana. Chini yake kwa kawaida huandikwa aina ya mtu, kwamba ni mwanamke wa Kiswahili au mrembo wa Zanzibar. Hapa maandishi yapo, na nanga imeshushwa barabara, ila imeshushwa na mwenye duka. Mwanamke aliyejipamba kwa nguo ya uungwana aligeuzwa mfano wa kabila katika mkoba wa msafiri.

Kosa la pili ni letu wenyewe, walimu na wahakiki wa Kiswahili. Katika madarasa mengi kanga huingia kama orodha. Mwanafunzi hupewa misemo 20 iliyonakiliwa ubaoni, huambiwa aigawe kimaudhui: mapenzi, malezi, husuda, dini. Huo ni uhakiki wa fasihi simulizi, nao una faida yake. Lakini nguo imekwisha kuvuliwa. Rangi haipo, pindo halipo, mji haupo, na mvaaji hayupo. Ulaya iliitazama chapa bila kuisoma. Sisi tunaisoma kanga bila kuitazama. Katika hali zote mbili anayepotea ni yuleyule.

6.0 Nafasi ya Rwanda

Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Ufundishaji wake katika hadhi hiyo bado unajijenga, na hilo ni neema kwa sababu desturi mbaya bado hazijawa sugu. Aidha, mwanafunzi wa hapa huja darasani akiwa na jicho lililokwisha kufundwa. Ameona imigongo, sanaa ya maumbo yanayoinuka inayotengenezwa kwa samadi ya ng'ombe na kupakwa rangi, yenye chimbuko lake Gisaka, mashariki mwa nchi. Anajua kwamba sanaa isiyo na mtu wala herufi inaweza kubeba historia. Na hata hapo suala la jina linatufuata: mapokeo humtaja mwanamfalme Kakira, mwana wa Kimenyi, kuwa mwanzilishi wa imigongo, ilhali mikono iliyoiendeleza huko Nyakarambi kizazi baada ya kizazi ni ya wanawake ambao majina yao hayasimuliwi hivyo.

Makala yanapendekeza kwamba kanga ifundishwe ikiwa mkononi, ikiwezekana ikiwa imefungwa, na kwamba mwanafunzi aulizwe maswali matatu kwa mpangilio huu. La kwanza: unaona nini? Aeleze pindo, mji, rangi na umbo kabla hajaruhusiwa kusoma jina. La pili: maneno yanaikubali picha, au yanabishana nayo? La tatu: nani angeivaa, mbele ya nani, na angejibu nini akiulizwa? Swali la tatu haliwezi kujibiwa kwa kamusi. Linamlazimisha mwanafunzi kumrudisha mtu ndani ya nguo. Maswali hayohayo yanaweza kuulizwa juu ya umushanana, na swali la pili likibaki bila jibu, ukimya huo wenyewe utakuwa mada nzuri ya mjadala: kwa nini pwani ilihitaji maandishi, na hapa ikatosha namna ya kufunga?

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba katika chapa ya Utamaro na katika kanga, vazi si pambo lililoongezwa juu ya maana. Ni mahali maana inapokimbilia inapofukuzwa kwingine. Edo, jina lililokatazwa lilijificha katika nembo na fumbo. Pwani, neno ambalo adabu ililizuia lilihamia kwenye kisanduku cha kanga na kutembea mitaani likiwa na kinga ya kukanushika. Tofauti kati ya sanaa hizi iko kwa mwenye kushika kamba: katika chapa ni mchoraji na mchapishaji waliomtaja mwanamke, katika kanga ni mwanamke anayechagua kusema, ingawa kwa maneno ambayo pengine hakuyatunga.

Kazi iliyobaki ni ya kukusanya. Makumbusho ya dunia yanahifadhi chapa za Utamaro kwa tarehe, mchapishaji na muhuri wa mkaguzi. Kanga zetu nyingi huchakaa, hukatwa kuwa vitambaa vya jikoni, hubebea watoto hadi zikaisha. Huo ni mwisho wa heshima kwa nguo, lakini kabla haujafika, mtafiti aandike doti ile ilinunuliwa mwaka gani, na nani, kwa ajili ya nani, na ilivaliwa siku gani. Mwenye nguo akiridhia, jina lake mwenyewe pia liandikwe.